Mfalme Aliyevaa Malapa

Nyumbani kwetu Sindo, Biblia ilisomwa kila jioni kwa mpangilio, sura baada ya sura, bila kuruka hata zile orodha za vizazi zinazowatoa watu usingizini au kuwatia humo. Baba hakuwa mtu wa kuruka kitu. Alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, mkulima wa mtama na mahindi, na akikohoa uani hata kuku walitulia. Sisi watoto watatu tulikaa mkekani kwa ukubwa wetu: kaka mkubwa, kisha kaka wa pili ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi, kisha mimi, kitinda mimba mwenye mdomo. Tukimaliza kusoma, baba aliomba akitutaja majina kwa mpangilio uleule. Mkubwa, wa pili, halafu mimi. Nilikuwa nikilisubiri jina langu kama mtu anayesubiri zamu ya kuteka maji.

Ndivyo tulivyokutana na Evil-merodaki. Yumo mwishoni kabisa mwa kitabu cha pili cha Wafalme, baada ya miji kuteketezwa na watu kupelekwa Babeli wakiwa wamefungwa. Nebukadneza amekufa, huyu mwanawe anakalia kiti, na katika mwaka uleule anaoanza kutawala anamkumbuka mfungwa mmoja, Yehoyakini, aliyekuwa mfalme wa Yuda na ambaye ameozea gerezani miaka na miaka. Anamtoa. Anazungumza naye kwa wema, anambadilishia nguo za kifungo, anampa kiti cha heshima, na tangu hapo yule mfungwa anakula mezani pa mfalme maisha yake yote. Kitabu kinaishia hapo.

Jina lake lilituchekesha, maana shuleni tulikuwa tumeanza Kiingereza na tulijua mwanzo wake una maana gani. Mtu mwenye uovu ndani ya jina, na ndiye pekee aliyefanya jambo jema katika ukurasa ule! Mimi, kwa mdomo wangu, nikauliza, "Na huyo mfalme mzuri akifa, nani anampa yule mtu chakula?"

"Ambalo halikuandikwa haliulizwi," baba akasema.

Kaka wa pili akaniinamia sikioni. "Mpishi," akanong'ona. "Labda mpishi alikuwa mkaidi kama wewe." Nikacheka, na nikamaliza maombi nikiwa nimepiga magoti kwenye kokoto za uani.

Miaka ilipita. Samaki walipopungua ziwani, kaka mkubwa alifunga virago akaenda kuchimba dhahabu Osiri, upande wa Migori. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Migori mjini, nina cherehani yangu kwenye kibaraza cha duka, na alizoea kupitia kwangu akiwa na vumbi la mawe mpaka kwenye kope. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mcheshi, mwepesi wa hasira kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba hasira yangu hutokea mdomoni, na yake ilitokea mikononi.

Siku moja aligombana na mwenzake kwenye mdomo wa shimo, wakibishania mawe ni ya nani. Kaka akamsukuma. Yule mtu alirudi nyuma hatua moja, na nyuma yake hapakuwa na ardhi. Alikuwa mtu wa Masara, ana mke na watoto. Kaka hakukimbia. Alishuka kwa kamba akamtoa mwenyewe, na polisi walipofika walimkuta amekaa kando ya maiti, ameweka shati lake juu ya uso wa marehemu. Mahakama ilimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akapelekwa gerezani Homa Bay kwa miaka mingi.

Mimi ndiye niliyepeleka habari Sindo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Jioni alifungua Biblia pale walipokuwa wameishia, akasoma, akafumba macho kuomba. Akaanza na jina la kaka wa pili. Nilifumbua macho nikamtazama mama, na mama, Mungu amrehemu, alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Baada ya amina baba akasema kwamba maadamu yeye yu hai, muuaji hataingia langoni mwake. Basi. Tangu jioni ile maombi ya nyumba yetu yalianzia kwa mtoto wa pili, na mama alikufa bila kulisikia tena jina la mwanawe wa kwanza likiombewa kwa sauti.

Mwalimu na mimi tulimtembelea kaka kwa siri, kila mtu kwa wakati wake, kama wezi wasiotaka kukutana. Baba naye alikufa kabla kifungo hakijaisha. Tulimzika bila mwanawe mkubwa.

Sasa, kwetu mambo hufuata ukubwa. Mkubwa hupanda kwanza, huvuna kwanza, hujenga kwanza, na mdogo akimruka, watu huanza kusubiri msiba kama wanavyosubiri mvua. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, ndiye aliyebaki kuwa mzee wetu, na ndiye aliyeamua. "Boma haiwezi kukaa bila kichwa," alisema. "Yule mkubwa tuhesabu kama hayuko. Mwalimu, kalia kiti ya baba yako."

Mwalimu alikikalia, lakini ukingoni tu. "Nashika kwa muda," alisema. "Mwenyewe atakuja."

Nilimtania siku ileile, nikimsaidia mkewe kuosha sufuria. "Nebukadneza amekufa. Basi wewe ndiye Evil-merodaki wetu."

Hakucheka kama nilivyotarajia. "Unajua alitawala muda gani? Wanaosoma historia wanasema kama miaka miwili hivi. Kisha shemeji yake akamuua, akachukua kiti."

"Masikini! Kiti hakikupata hata joto."

"Lakini unaona kitu? Ile kazi aliifanya mwaka wa kwanza. Hakungoja atulie kwanza."

Nilimwona anajitia uzito wa kialimu, nikarudi kwenye sufuria zangu.

Kaka mkubwa alitoka Ijumaa asubuhi. Nilikuwa nimemshonea suruali ya kijivu na shati la mikono mirefu, kwa vipimo vya kichwani, vya yule mtu mkubwa aliyekuwa akipita kibarazani kwangu. Nilifika Homa Bay mapema nikamkuta mwalimu ananisubiri ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la gereza, pamoja na dereva wa gari tulilokodi. Amevaa suti yake ya kanisani. Tai imenyooka. Na miguuni, malapa! Malapa ya mpira, ya bafuni, ya bluu.

"Wewe mwalimu!" nilifoka. "Siku kama ya leo, umekuja kumpokea ndugu yetu na malapa?"

"Nimechomwa na mwiba shambani. Kiatu hakiingii."

"Mdharau mwiba mguu huota tende. Ungeutoa mapema."

Alicheka sana, kuliko utani wenyewe ulivyostahili. Mimi nikawa tayari nimegeukia lango, kwa sababu lilikuwa linafunguliwa.

Aliyetoka alikuwa kaka mkubwa na hakuwa yeye. Mabega yalikuwepo, nyama ilikuwa imekwenda. Mwalimu alimshika mikono yote miwili, akampeleka kwenye choo cha hoteli iliyokuwa karibu akabadili nguo, na suruali niliyoshona kwa mapenzi yangu yote ikamteremka. Nilichana ukingo wa leso yangu nikamfungia kiunoni. Nililia na kumgombeza kwa pamoja, kwamba kwa nini hakuniambia amekonda. Tulipoagiza chai alisimama nyuma ya kiti, mikono ubavuni.

"Nikae?" aliuliza.

"Kaa, omera, ndugu yangu," mwalimu akamwambia. Alikunywa chai amekizungushia kikombe mkono, kama mtu anayezuia kisichukuliwe.

Tulipofika Sindo jua lilikuwa limeelekea ziwani, na baba mdogo alikuwa langoni. Mbele yake palikuwa na karai la maji yenye majani yaliyopondwa, manyasi, dawa ya kienyeji ya kumtengeneza mtu aliyebeba damu. Bila hiyo, kwa imani yake na ya wengi wetu, mtu wa namna hiyo hatii mkono katika chakula na wengine.

Sitaki mtu amdhanie baba mdogo kuwa alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na alikuwa amewazika watoto wake wawili ambao hakuna aliyemweleza vizuri walikufa kwa nini. Hofu ya mtu kama huyo haichekwi. Lakini siku ile nilimchukia, nakiri wazi.

"Akanyage hapa kwanza," alisema. "Aoge hii. Halafu iko na maneno ya kusema na mbuzi ya kuchinja."

"Baba mdogo, sisi ni watu wa kanisa," mwalimu alijibu taratibu. "Ameshatubu, na kifungo amemaliza. Karibu ndani, Sabato inaingia."

"Kanisa haijui hii maneno. Yule mtu wa kwanza kula na yeye, huyo ndiye hufura. Inaanza miguu, inapanda mpaka moyo. Mimi nimeona kwa macho yangu."

Mwalimu alilitazama lile karai muda mrefu kidogo. Kisha akamshika kaka mkono, wakalizunguka, wakaingia. Mimi nilifuata nyuma, sijui kama kwa furaha au kwa hofu ya yale niliyoyasikia.

Jua lilipozama tulifungua Sabato kwa maombi. Mwalimu akaanza na jina la kaka mkubwa. Lilitoka vizuri tu, kwa sauti yake ya kawaida ya darasani, kama vile halikuwahi kukosekana. Kaka alishusha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Mwalimu alipomaliza amina alimwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiinua kichwa chake.

Chakula chenyewe kilikuwa Jumamosi mchana. Kwetu hakupikwi siku ya Sabato yenyewe. Wifi yangu, mke wa mwalimu, alikuwa amepika Ijumaa yote, samaki aina ya ngege wa kukaanga, mboga za osuga na ugali, akabakisha kupasha moto tu. Wazee wa kanisa walikuja na baba mdogo naye akaja. Watu walisema "Sabato njema" wakiwa mbali kidogo kuliko kawaida. Wanaume waliketi mezani. Mimi na wifi tulikuwa mlangoni mwa jikoni, na sahani zilipotua hakuna mkono ulionyooshwa.

Kaka mkubwa alikuwa bado amesimama nyuma ya kiti. "Niende kula nje?" aliuliza, bila uchungu wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa anauliza ili awasaidie.

"Kaa," mwalimu alisema. Alimvutia kiti kilichokuwa kulia kwake. Kisha akanyoosha mkono, akamega tonge kwenye sahani ya kaka mkubwa, si kwenye yake, akachovya katika mchuzi wa kaka mkubwa, akatia kinywani. Akatafuna. Akameza. "Ngege ni mtamu," alisema. "Nawangoja nyinyi?"

Nilimtupia jicho wifi. Nilitarajia nimwone ameshtuka, maana aliyekuwa anajitia hatarini ni mumewe, baba wa watoto wake. Lakini wifi alikuwa anamtazama mumewe kwa namna ambayo sikuielewa, midomo imebana, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguke. Mzee mmoja akamega. Halafu mwingine. Baba mdogo aliinuka akaenda zake.

Basi tangu siku ile kaka mkubwa alikula kwenye ile meza, kila siku. Alilima, alirekebisha paa la jikoni, alichunga ng'ombe. Nilipokuja kuwasalimia nilimkuta ameanza kunenepa, na suruali yangu ya kijivu ikaanza kumkaa. Ila hakuacha kusimama nyuma ya kiti na kuuliza akae.

Mwalimu ndiye aliyeanza kwisha. Kwanza watu waliona anapumzika njiani akitoka shule. Halafu wakaiona miguu. Ilivimba waziwazi, ngozi inang'aa, na sasa hakuna aliyeuliza habari za mwiba. Alilala akiwa ameegemea mito, maana akilala chali pumzi ilikata. Daktari Homa Bay alisema ni moyo, akampa dawa, na kijiji hakikuwa na haja ya daktari kwa sababu kilikuwa kimeshaambiwa. Inaanza miguu, inapanda mpaka moyo. Maneno ya baba mdogo yalikuwa yakitimia neno kwa neno. Sokoni wanawake waliacha kuzungumza wifi alipofika. Kaka mkubwa aliniambia, "Nyaminwa, dada yangu, mimi ndiye ninayemuua," nikamjibu kwa ukali anyamaze, nikaenda nyuma ya nyumba nikakaa chini, kwa sababu sikuwa na hakika. Kanisani nilisema ni ugonjwa. Moyoni niliogopa. Mtu akizaliwa kwetu hofu hizi anazinyonya na maziwa, na mahubiri hayazitoi zote.

Mwalimu alikufa kabla mtama wa pili wa utawala wake haujavunwa. Tulimzika kando ya baba.

Siku moja baada ya mazishi, baba mdogo alikuja na uso wa mtu asiyefurahia kuwa alisema kweli. Alimwita wifi pembeni ya ghala, na mimi nilikuwa karibu, ninapepeta mchele, nikasikia.

"Mke wa mwanangu, umeona mwenyewe. Mimi sikuwa na chuki. Sasa iko hawa watoto. Akiendelea kula na hao kwa hiyo meza, nani atafuata? Leo chakula yake iwekwe nje. Kesho nitatafuta mtu wa kutengeneza, na akikataa, aende Osiri, dunia ni kubwa."

Tangu mumewe akate roho wifi alikuwa hajasema maneno ya kujaza kiganja. Aliitikia kwa kichwa, akaingia jikoni.

Nikamfuata baba mdogo. "Hilo haliwezekani," nilisema. "Mwalimu mwenyewe alimkalisha mezani..."

"Wewe umeolewa," alinikata. "Boma yako iko Migori. Hapa wewe ni mgeni." Na alisema kweli. Binti aliyeolewa, hata awe na ulimi mrefu kama wangu, nyumbani kwao hana kura. Mwenye kuamua chakula cha nyumba ile kinakwenda wapi alikuwa mmoja tu, naye alikuwa ameitikia kwa kichwa.

Mchana jamaa walikusanyika mezani. Baba mdogo aliketi mahali pa mwalimu. Aliomba, akatutaja. Akaanza na watoto wa marehemu, akaja kwangu, akasema amina. Uani, karibu na ghala, mtu alikuwa ameweka kigoda na sahani ya bati yenye ugali wa kipande na mboga bila samaki. Hakuna aliyemwambia kaka mkubwa kitu. Aliiona, akaelewa, akageuka kuelekea kule, mwendo wake wa foleni ya gerezani, mikono ubavuni. Nilitaka kupiga mayowe.

Wifi alitoka jikoni na sinia. Akapita mbele ya meza bila kusimama. Akaenda mpaka ghalani, akaiokota ile sahani ya bati chini ya macho ya kaka mkubwa, akarudi nayo, na akaiweka katikati ya meza, mbele ya baba mdogo. Kando yake akashusha kutoka kwenye sinia sahani ya mwalimu, ile ya udongo mweupe aliyokuwa akilia chakula siku zote, ikiwa na ngege mzima.

"Hii ya bati ni nani alipakua?" aliuliza. "Chakula ya hii nyumba ninapakua mimi."

"Mke wa mwanangu," baba mdogo alianza, "yule mzee wako amekufa juu ya..."

"Alianza kufura lini?"

Baba mdogo aliisogeza sahani ya bati pembeni.

"Nauliza, baba. Alianza kufura lini?"

"Baada ya kula na yeye. Kila mtu aliona."

"Kila mtu aliona wakati suruali haingeweza kuficha tena." Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Mimi ndiye nilikuwa ninamfungua viatu jioni. Ilianza baba mkwe akiwa hai. Huyu bado yuko jela. Tulienda kwa daktari sisi wawili, akatuambia ni moyo, na hauna muda mrefu. Siku ya kumchukua huyu, viatu vilikataa kabisa. Alienda na malapa. Muulizeni dada yake."

Wote walinigeukia. Na mimi nilikuwa nimerudi Homa Bay, ng'ambo ya barabara, mbele ya suti na tai na malapa ya bluu, ninamwambia ndugu yangu aliyekuwa anakufa kwamba angeutoa mwiba mapema. Nilikumbuka alivyocheka. Nilisema, "Ni kweli. Alivaa malapa."

"Mbona hakusema?" baba mdogo aliuliza. "Mbona alitunyamazia?"

"Angesema, mngemwambia asubiri. Mngesubiri afe kwanza, halafu nyinyi ndiyo mpange huyu akule wapi." Alifuta mkono kwenye kanga. "Alijua mtasema ni damu. Yeye mwenyewe alinishikisha hii maneno kabla hajamega lile tonge. Alisema, wakisema, wewe pakua. Wakilia, pakua. Mimi nikienda, pakua."

Akamega tonge kwenye sahani ya mwalimu, ile aliyomwekea kaka mkubwa, akala mbele yetu akiwa amesimama, mjane wa jana, machozi yanamteremka na yeye anatafuna. Kisha akawaita watoto wake waje wakae. Walikuja wakakaa. Akarudi jikoni.

Nilimkumbuka yule mpishi wa Babeli ambaye hakuandikwa, na mtoto aliyeninong'onezea habari zake mkekani. Mtoto yule alikuwa amemwoa.

Kaka mkubwa alikuwa amemfuata wifi mpaka mezani, amesimama nyuma ya kiti, anangoja kuambiwa. Safari hii hapakuwa na wa kumwambia. Alingoja. Mwishowe akakivuta kiti mwenyewe, kile cha kulia, akaketi, na mimi nikaenda kuleta karai la maji ya kunawa. Nilianza kwa mkubwa, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwa baba mdogo alilitazama lile karai, akaitazama mikono yake, akainuka. Alitoka langoni polepole bila kumtukana mtu.

Wifi alipokuja na mchuzi aliona mahali patupu. Alipakua ngege na ugali kwenye sahani nyingine, akaifunika kwa sahani ya pili, akaiweka pale alipokuwa ameketi baba mdogo.

"Ikae hapo," alisema. "Akirudi ataikuta."